Betri Chini ya Kiti: Nilichojifunza kwa Beetle ya Mjomba

Gari langu likikataa kuwaka barabarani, wasamaria wema hukimbilia boneti. Wakiifungua wanakuta tairi la spea na tangi la mafuta. Wanazunguka nyuma, wanakuta injini, lakini betri hawaioni. Kwenye Volkswagen Beetle betri imekaa ndani ya gari lenyewe, chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, pale pale wanangu wanapokalia wakienda madrasa. Ukitaka kuifikia unavuta kiti juu, unakitoa, ndipo unaiona ndani ya kishimo chake karibu na ubavu wa gari.

Mahali hapo ndipo panapofanya kazi ya kubadilisha betri ya gari hili iwe na masharti yake. Mvuke wa betri unatokea mahali watu wanapopumulia. Tindikali ikimwagika inakula sakafu. Na juu ya betri kuna springi za chuma za kiti, ambazo mtu mzito akikaa zinashuka. Mwenye kununua gari la namna hii aanze kulijua kwa kuinua kiti hicho, kabla hata ya kuuliza habari za injini.

Gari lenyewe ni la mwaka 1972, aina ya 1300, rangi ya maziwa. Mjomba alilinunua mkono wa pili enzi akifanya kazi bandarini Kilindini, akalitunza mpaka macho yake yalipopungua nguvu, akaniita nyumbani kwake Kilifi akanikabidhi funguo. Hakunipa bila hotuba. Alinikumbusha kwamba magari ya ukoo huu yalishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, kwenye tope na mawe, na kwamba kwa hiyo likinisumbua mjini Mombasa nisiseme gari ni bovu, nitafute nani amelikosea. Maneno hayo nimeyakumbuka mara nyingi.

Dalili za betri kuchoka zilianza kidogo kidogo. Asubuhi stata ilizunguka kivivu, halafu injini ikashika. Usiku taa za mbele zilikuwa hafifu nikisimama, zikang'aa nikikanyaga mafuta. Betri ilikuwa ya maji, yaani ile yenye vifuniko sita juu, na kifuniko kimoja kati ya hivyo kila nikikifungua nilikuta maji yameshuka kuliko wenzake. Kisha jioni moja gari likazima kabisa kwenye feri ya Likoni. Wanaovuka wanajua utaratibu: unapanga foleni, unasogea, unasimama, unasogea, na ukishaingia feri unazima injini. Tulipofika upande wa pili nikageuza ufunguo, stata ikagonga mara moja tu, ikanyamaza. Magari ya nyuma yanapiga honi, abiria wa miguu wanapita ubavuni kwa mamia, na mbele yangu kuna kile kilima cha kutokea gatini. Vijana wa mikokoteni waliacha mizigo yao wakanisukuma mpaka juu, nikaweka gia ya pili, nikaachia klachi, injini ikashika. Mungu awabariki. Hakuna hata mmoja aliyengoja pesa.

Kila niliyemsimulia alisema nikanunue betri. Walimu wenzangu, jirani, hata muuza mitumba wangu wa Kongowea. Mjomba peke yake ndiye aliyesema jingine kwenye simu: "Betri haifi hivi hivi, mwanangu. Kabla hujanunua nyingine, jua kwanza hiyo imeuawa na nini."

Ndilo jambo ninalotaka kulisisitiza katika simulizi hii yote. Betri mpya ukiiweka kwenye gari la zamani inarithi maradhi yote yaliyomuua mwenzake. Nimeona magari ya miaka ya sitini na sabini yanayobadilishiwa betri mwaka hadi mwaka, wenyewe wakilaumu betri za siku hizi, kumbe tatizo linabaki pale pale kwenye waya, kwenye dinamo inayoichaji betri au kwenye redio aliyofunga mtu asiyejulikana.

Fundi wangu ni mzee wa Majengo aliyeanza kazi wakati Beetle zilikuwa gari za kawaida mjini. Aliinua kiti, akatazama bila kugusa chochote, kisha akaomba apewe gari lilale kwake. Alitaka kuipima betri ikiwa imepumzika, kwa sababu betri iliyotoka kuchajiwa au kuendeshwa huonyesha volti za uongo kwa muda. Asubuhi aliweka mita. Betri nzima iliyojaa chaji husoma volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki na kama robo tatu, 12.2 imebaki nusu, na ikifika 12 au chini ya hapo iko karibu kwisha. Yangu ilisoma chini ya 12, ingawa jana yake ilikuwa imeendeshwa.

Hakusema imekufa. Aliichaji taratibu mpaka siku ya pili, kisha akatoa haidromita, ile bomba ya kioo yenye kielea ndani, akavuta tindikali kutoka seli moja baada ya nyingine. Nilimwomba anieleze anachosoma, akaniitikia kwa furaha, kwa kuwa wateja wengi hawaulizi. Betri ya volti 12 ni seli sita, kila moja ikitoa volti mbili na kidogo. Tindikali ya seli yenye chaji ni nzito, na isiyo na chaji ni nyepesi inayokaribia maji. Haidromita husoma uzito huo ukilinganishwa na wa maji. Seli tano za betri yangu zilisoma 1.240 na zaidi kidogo, usomaji mzuri kwa nchi ya joto kama yetu ambako tindikali huwekwa nyepesi kidogo kuliko huko kwenye baridi. Seli ya sita, ile ile iliyokuwa ikikausha maji, ilisoma 1.120. Kukiwa na tofauti ya 0.050 tu kati ya seli na seli betri tayari inatiliwa shaka. Hii ilikuwa tofauti ya zaidi ya mara mbili ya hapo.

Seli zimeunganishwa kwa kufuatana, kama watu sita waliojipanga wakipokezana ndoo za maji. Mmoja akiishiwa nguvu, nguvu za wale watano hazisaidii, maji hayafiki. Ndiyo maana betri yenye seli moja mbovu inaweza kuwasha taa na redio vizuri, ukadhani ni nzima, lakini ukidai ampea mia na zaidi za stata inaanguka. Alinionyesha hilo pia: alinishikisha mita nikaangalia huku yeye akigeuza ufunguo. Stata ikizunguka, betri isishuke chini ya volti 9.6 au hapo karibu. Yangu ilishuka mpaka nane, ikaendelea kushuka.

Basi betri ilikuwa imekwisha kweli. Lakini swali la Mjomba lilibaki.

Jibu la kwanza ni hali ya hewa yetu, na hilo halina wa kulaumiwa. Watu wengi hudhani betri huuawa na baridi. Baridi huifichua tu betri mbovu. Kinachoiua ni joto, kwani kadiri joto linavyopanda ndivyo kutu ya ndani na upotevu wa maji vinavyokwenda mbio, na mafundi wa betri huhesabu kwamba nyuzi 10 za ziada hupunguza maisha yake kwa karibu nusu. Mwenye gari Mombasa asijilinganishe na mwenye gari Limuru. Ndani ya Beetle iliyofungwa vioo juani mwezi wa Februari, chini ya kiti, betri inapikwa.

Jibu la pili lilikuwa kwenye waya wa hasi. Beetle ina mkanda uliosukwa kwa nyuzi za shaba unaotoka kwenye nguzo ya hasi hadi kwenye bodi. Wangu ulikuwa wa kijani. Chumvi ya bahari na mvuke wa tindikali vilikuwa vimeingia kati ya nyuzi mpaka ukawa mgumu kama kijiti. Fundi aliweka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi yenyewe na nyingine kwenye chuma kisafi cha bodi, akaniambia niwashe. Hapo ilipaswa kusoma karibu na sifuri, tuseme 0.2 hivi. Ilisoma zaidi ya volti moja. Maana yake, katika zile volti chache betri ilizokuwa ikijitahidi kutoa, moja ilipotea njiani kabla ya kufika kwenye stata. Hata betri mpya ingeanza kazi na deni hilo.

Kuna mkanda wa pili wa aina hiyo ambao wengi hawaujui, ule unaounganisha giaboksi na bodi. Injini na giaboksi za Beetle zimekaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Mkanda huo ukikatika, umeme wa stata hutafuta njia nyingine ya kurudi, na njia iliyopo ni kebo ya kanyagio la mafuta na ile ya klachi. Ukikuta kebo hizo zimeungua au zinakatika mara kwa mara bila sababu, kalale chini ya gari utazame mkanda wa giaboksi. Wangu ulikuwepo lakini ulikuwa umebakiza nyuzi chache. Tulibadilisha yote miwili kabla ya kununua betri, na gharama yake ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na betri yenyewe.

Jibu la tatu ndilo lililonishangaza. Fundi alitoa waya wa hasi, akaweka mita kati ya waya na nguzo, gari likiwa limezimwa kila kitu. Beetle ya 1972 isiyo na saa wala alamu haipaswi kula umeme wowote ikiwa imelala. Mita ikaonyesha 0.06 ya ampea. Tukafuata nyaya tukakuta kisanduku cha alamu nyuma ya dashibodi, cha miaka ya nyuma sana, king'ora chake kilishakufa zamani lakini chenyewe bado kinakunywa umeme. Mjomba aliponisikia alikumbuka mpwa mwingine aliyemfungia kama zawadi.

Mtu atasema 0.06 ni kitu gani. Tupige hesabu. Kwa siku moja ni karibu ampea-saa moja na nusu, yaani ampea mara saa. Betri ya kawaida ya Beetle ni ya ampea-saa 36. Ndani ya wiki mbili gari likilala, nusu ya chaji imeondoka. Mimi ni mwalimu, shule zikifungwa gari linaweza kukaa muda mrefu chini ya mwembe. Na betri ya madini ya risasi inayoachwa imeshuka chaji hujenga ukoko mgumu wa salfeti juu ya mabamba yake, ukoko ambao ukishakomaa hautoki hata uichaji usiku kucha. Kila likizo ilikuwa inaikata betri kipande cha maisha. Kisanduku kikang'olewa.

Jibu la nne ni dinamo, na hapa wenye magari ya kisasa hawana budi kusahau wanachokijua. Toyota yako ina alteneta, ambayo hata gari likisimama injini ikiunguruma polepole bado inachaji. Beetle ya umri huu ina dinamo ya ampea 30, na ampea hizo hutoka injini ikizunguka kwa kasi. Gari likisimama, dinamo haitoi kitu cha maana. Ile taa nyekundu ya chaji ikipepesa wakati huo si ugonjwa, ndivyo ilivyoundwa. Sasa rudi kwenye foleni ya Likoni saa moja usiku. Taa mbili za mbele za wati 40, taa za nyuma, taa ya namba, umeme wa kuchomea plagi, zote zinakula kwa pamoja karibu ampea 10, na zote zinatoka kwenye betri. Saa moja ya foleni ni ampea-saa 10, zaidi ya robo ya betri nzima. Halafu unazima injini ndani ya feri, na ukifika unaitaka stata. Hata betri nzima inaudhika. Betri yenye seli mbovu na mkanda wa kijani ilikuwa inangoja siku yake tu.

Fundi aliipima dinamo na katauti, kile kisanduku kinachodhibiti chaji, ambacho kwenye gari la mwaka huu kiko chini ya kiti hicho hicho upande wa kushoto. Injini ikikimbia kiasi, volti kwenye betri zilipanda mpaka 14 kasoro, zikatulia hapo. Zingepita 14.5 zikaendelea, katauti ingekuwa inaichemsha betri na maji yangekauka seli zote, si moja. Zingebaki 12, ama dinamo imechoka au brashi zake za kaboni zimekwisha. Alikagua pia mkanda wa feni kwa kuubonyeza kwa kidole gumba, ushuke kama sentimita moja na nusu. Naomba niseme kwa msisitizo kwa yeyote anayeendesha Beetle: mkanda huo mmoja unazungusha dinamo na feni ya kupoza injini pamoja. Taa nyekundu ikiwaka ukiwa mwendoni, usijiambie kwamba ni chaji tu na nyumbani si mbali. Simama hapo hapo, zima, ukatazame. Mkanda ukiwa umekatika, injini haina kinachoipoza, na haichukui muda kuungua.

Baada ya hayo yote ndipo tukaenda dukani.

Madukani mwetu zimejaa betri za umbo la Kijapani, NS40 na NS60, kwa sababu ya wingi wa Toyota na Nissan. Ni betri nzuri kwenye magari yake. Muuzaji wa kwanza alitaka kunipa NS60, akisema ina nguvu kuliko ile ya zamani na itaingia bila shida. Kuingia ingeingia, kwa upana. Shida ni urefu wa kwenda juu. Betri hizo pamoja na nguzo zake zinafika sentimita 22 na zaidi, wakati betri fupi za umbo la Ulaya ni sentimita 17 na nusu. Tofauti ya sentimita hizo tano ndiyo nafasi iliyoachwa kati ya nguzo na springi za kiti. Mtu akikaa, springi inagusa nguzo ya chanya, ncha nyingine ya springi inagusa bodi, na katikati kuna pamba na manyoya makavu ya kujazia kiti. Beetle nyingi zimeungua kwa njia hiyo duniani kote, na zinaungua kuanzia kwenye kiti cha watoto. Kwa hiyo kwangu hili halina mjadala: betri fupi, na kifuniko juu yake. Kifuniko cha kiwandani kilikuwa kimepotea, tukakata kipande cha mpira mzito kikafunika nguzo zote mbili, kikafungwa kwa mkanda.

Kuna sababu nyingine mbili za kukataa NS. Nguzo zake mara nyingi ni nyembamba, na vichwa vya waya vya Volkswagen ni vipana. Hapo ndipo utaona mafundi wa haraka wakigongomelea msumari au kipande cha bati kati ya kichwa na nguzo ili pabane. Panabana kwa mwezi, kisha panalegea, panatoa cheche, panaota unga wa kijani, na mwenye gari anarudi akilalamika betri mbovu. Tena Beetle inaishika betri kwa chini, kwa kibano kinachokandamiza ukingo wa kitako, na betri nyingi za Kijapani hazina ukingo huo. Betri isiyofungwa inaruka kwenye kila shimo la barabara, na mabamba yake ya ndani yanamomonyoka.

Nilichukua betri fupi ya ampea-saa 44, iliyofungwa, isiyohitaji kuongezwa maji, yenye tundu la kutolea mvuke nje kwa kijibomba. Wengine wanapenda betri ya maji kwa sababu unaweza kuikagua seli moja moja, na nawaelewa, maana bila vile vifuniko nisingejua seli ipi imekufa. Lakini kwa betri inayokaa chini ya watu naona afadhali ile inayotoa mvuke kidogo zaidi. Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji tupime. Betri mpya iliyokaa rafuni kwa muda mrefu hushuka chaji, na ukoko wa salfeti haujali kwamba bado haijauzwa. Aliyoitoa mwanzo ilisoma 12.3. Nikaomba nyingine, ikasoma 12.7, nikalipa.

Kuifunga nilifunga mwenyewe, fundi akiwa amekaa kwenye benchi akitazama. Alinifanya nivue bangili na pete kwanza. Spana ikigusa chanya huku bangili ikigusa bodi, dhahabu inayeyuka mkononi. Kwa sababu hiyo hiyo waya wa hasi unatolewa kwanza: ukishautoa, spana ikiteleza upande wa chanya ikagusa bodi haina madhara. Kurudisha ni kinyume chake, chanya kwanza, hasi mwisho. Na kabla ya kubana, tazama alama mara mbili, kwani nguzo za betri mpya zinaweza kuwa zimepishana na za zamani. Ukiunganisha kinyume kwenye gari hili, katauti na dinamo ndivyo vya kwanza kulipa.

Chini ya betri ya zamani sakafu ilikuwa na magamba ya kutu. Tulikoroga magadi kwenye maji tukamwagia pole pole, yakatoa povu pale palipokuwa na tindikali, tukarudia mpaka povu likaisha. Tukasuuza, tukakausha, tukakwangua, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, tukaweka kipande cha mpira betri ikae juu yake. Ningekuwa nimechelewa kidogo, hapo pangehitaji kuchomelea bati jipya, na kuchomelea karibu na nyaya na viti ni kazi nyingine kabisa. Nguzo zilipobanwa tulipaka grisi kwa juu, kuzuia hewa ya chumvi.

Stata ilizunguka kwa kasi ambayo sikuwahi kuisikia tangu nipewe gari. Tulipima tena kila kitu: kushuka kwa volti wakati wa kuwasha, upotevu kwenye waya wa hasi, chaji injini ikikimbia, na unywaji wa umeme gari likilala. Huo wa mwisho ulisoma sifuri. Siku hizi nikiwa kwenye foleni ya feri iliyosimama kabisa nazima injini na taa kubwa, naacha taa ndogo. Likizo ikianza natoa waya wa hasi. Na nikipata nafasi naendesha mpaka Kilifi kumwona Mjomba, karibu kilomita 60 za mwendo mmoja ambazo dinamo inazihitaji kuliko safari fupi fupi za sokoni.

Limebaki suala la betri ya zamani, na hili nalichukulia kwa uzito kuliko yote.

Siku hiyo hiyo mnunuzi wa vyuma chakavu alipita na mkokoteni akaiona, akataja bei nzuri. Nilikataa. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, na risasi ndiyo anayoitaka mnunuzi. Ili aipate, mtu mahali fulani ataipasua kwa shoka, tindikali ataimwaga mtaroni, mabamba atayayeyusha kwenye moto wa wazi, na moshi utaingia kwenye nyumba za jirani. Sisi wa Mombasa hatuna haja ya kusimuliwa. Owino Uhuru ni mtaa wetu. Pale palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga ana sumu ya risasi mwilini, akageuka kuwa sauti ya mtaa mzima, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, rufaa ikaitengua hukumu hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka yote hiyo ya kesi watoto walikuwa wakikua na sumu ile. Risasi mwilini mwa mtoto inaharibu ubongo, na kilichoharibika hakirudi. Mimi nafundisha watoto. Siwezi kuiuza betri kwa mtu nisiyejua ataipeleka wapi, kwa bei yoyote.

Niliisimamisha wima ndani ya karai la plastiki, vifuniko vimebanwa, nikairudisha kwenye duka nililonunua mpya. Niliuliza waziwazi wanazipeleka wapi. Meneja akaniandikia jina la kampuni inayozichukua na namba ya leseni yake ya mazingira, akanipunguzia bei, akanipa risiti. Duka la kwanza, lile la NS60, nilipouliza swali hilo hawakuwa na jibu. Nimewaambia walimu wenzangu wenye magari waulize hivyo hivyo kabla hawajalipa.